Mbona Watoto Hawako Shule? Maswali Kumi Yanayomfuata Mzazi Anayefundisha Nyumbani Kampala

Ukitaka kujua ni watu wangapi Kampala wanaojali elimu ya mwanao, mtembeze mtaani Jumatatu saa nne asubuhi. Muuza mkaa atauliza. Kijana wa boda aliyeegesha chini ya mwembe atauliza. Mama wa chapati ataigeuza chapati, akutazame, aigeuze tena, kisha aulize. Mji huu unaipenda shule kwa moyo wote, na mzazi Mkristo aliyeamua kuwafundisha watoto wake nyumbani lazima atoke na majibu mfukoni.

Haya hapa maswali kumi yanayotufuata zaidi. Tunahesabu kwa kurudi nyuma, kutoka lile jepesi la dukani hadi lile ambalo mtu huliuliza akishavuta kiti. Kila moja lina jibu fupi la mlangoni na jibu refu la kukaa kitako, isipokuwa la mwisho.

10. "Mbona watoto hawako shule? Wanaumwa?"

*Jibu fupi: Wazima kabisa, nnyabo. Wako darasani, leo darasa limekuja kununua chumvi.*

Anayeuliza hivi mshukuru. Katika mji ambao watoto wengi huacha masomo kwa kukosa karo, jirani anayeshtuka kumwona mtoto nje saa za shule ni mlinzi wa mtaa mzima. Mjibu kwa heshima, mtoto naye amsalimie vizuri, kisha mwache ahesabu chenji mbele yake. Chenji ikitimia, nusu ya swali imejibiwa.

9. "Yunifomu yao ni ya rangi gani?"

*Jibu fupi: Rangi ya nguo iliyowahi kukauka kwenye kamba.*

Kila mzazi wa Kampala anaijua karatasi ya mahitaji ya muhula: rimu za karatasi, karatasi za choo, sabuni, fagio, na mihula ni mitatu kwa mwaka. Anayefundisha nyumbani hupumua kidogo hapo. Asidhani lakini kwamba gharama zimemkimbia. Pesa ya yunifomu itahamia kwenye vitabu, ya basi la shule itahamia kwenye intaneti na umeme wa Yaka, na mara nyingi mzazi mmoja atalazimika kupunguza saa zake za kazi. Hiyo ndiyo karo kubwa kuliko zote. Kaeni chini, baba na mama, mpige hesabu hiyo kabla hamjamtoa mtoto shule. Na ufagio mnunue vilevile, maana darasa la nyumbani hufagiwa na wanafunzi wenyewe.

8. "Vitabu mnatoa wapi?"

*Jibu fupi: Vinapouzwa, vinapochapwa, na vinapoazimwa.*

Njia ni nyingi. Ziko familia zinazofuata mtaala wa taifa hatua kwa hatua, kwa silabasi za Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, NCDC, na vitabu vilevile vya shule vinavyopatikana duka la Aristoc pale Kampala Road. Nyingine hutumia mtaala wa Kikristo wa ACE, ulioanzia Texas mwaka 1970: somo la mwaka hugawanywa katika vijitabu 12, mtoto anasoma mwenyewe, anajisahihisha, anasonga kwa mwendo wake. Wapo wanaompenda Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye alitaka masomo yawe mafupi, vitabu viwe vizuri, watoto watoke nje kutazama viumbe, na kila walichosomewa wakisimulie kwa maneno yao. Hilo la kusimulia, jjajja yeyote wa Buganda, awe bibi au babu, angelitambua mara moja. Na kama kitabu kinapatikana bure mtandaoni, Nasser Road ipo, mtaa wa wachapaji: asubuhi unaacha kurasa kwenye flashi, jioni unachukua kitabu kilichojalidiwa.

Kitabu cha kwanza kwenye rafu ya mzazi Mkristo ni Biblia, na hapa Uganda Biblia ina hadithi inayofaa kusimuliwa watoto. Mmisionari George Pilkington, pamoja na Waganda kama Henry Wright Duta, walifanya kazi ya kuitafsiri kwa Kiganda, nayo ikatoka nzima mwaka 1896. Kwa kuwa mchwa wa nchi hii hawana adabu mbele ya kitabu chochote, toleo moja la enzi zile lilitengenezwa dogo na nene ili lienee ndani ya kopo la biskuti. Watu walithamini kusoma kiasi cha kuukinga ukurasa kwa bati. Siku mtoto akiacha kitabu nje usiku kucha, mwambie habari za kopo hilo.

7. "Wewe si mwalimu. Hesabu za darasa la sita utaziweza?"

*Jibu fupi: Nisipoziweza leo, kesho tutaziweza wawili.*

Mtoto mdogo hahitaji profesa. Anahitaji mtu mzima mwenye subira, aliye hatua kadhaa mbele yake. Ukifundisha watoto watatu unaona pale pale mmoja alipopotea. Unarudi naye, mnaendelea. Mwalimu mwenye watoto themanini mbele yake hawezi kufanya hivyo hata akiwa na moyo wa malaika. Ndiyo sababu asubuhi moja iliyotumiwa vizuri inatosha kwa masomo ya msingi.

Kisha wapeleke sokoni. Owino, ambalo jina lake rasmi ni Soko la St. Balikuddembe (lishike jina hilo, linatusubiri kwenye namba 2), halijawahi kukosa zoezi la hesabu. Mpe mtoto noti ya 20,000. Tuseme maharage ni shilingi 4,500 kwa kilo, nanyi mnataka kilo mbili na nusu. Kabla muuzaji hajafunga mfuko, mtoto aseme: 11,250, chenji 8,750. Hapo amezidisha, amegawa nusu, ametoa, tena mbele ya mtu asiye na muda wa kumsubiri. Somo la uchumi linakuja bure: ile hamsini ya mwisho mara nyingi hurudi nyumbani ikiwa pipi.

Ipo siku ya aljebra, ipo na siku ya kemia. Siku hiyo mzazi mwenye hekima anatafuta msaada bila kuona haya. Wandegeya imejaa wanafunzi wa Makerere wanaoweza kufundisha saa mbili kwa wiki. Familia nne zikiungana, mama mhasibu atafundisha hesabu za wote, baba fundi umeme atafundisha mkondo wa umeme, mwingine atashika muziki. Ukisema elimu ya mtoto ni wajibu wako, hujasema utajibu kila swali kwa kinywa chako. Umesema kila swali lake litapata mtu.

6. "Sasa wataongea lugha gani?"

*Jibu fupi: Ya mtu aliye mbele yao.*

Mtaala wa mwaka 2007 ulitaka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya kwao, na darasa la nne liwe la kuvukia kwenye Kiingereza. Kampala ni mji wa makabila yote, kwa hiyo shule nyingi zilianza na Kiingereza moja kwa moja. Matokeo yake huonekana Krismasi kijijini: mjukuu na jjajja wanatazamana, wanatabasamu, halafu wote wawili wanageuka kumtafuta mkalimani. Nyumbani una nafasi ya kulirekebisha hili. Sala ya asubuhi iwe kwa Kiganda, Kinyankole au Kiacholi, masomo yaende kwa Kiingereza, na Kiswahili kipewe saa yake kila siku.

Kiswahili ni urithi wa watoto hawa pia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wakati shule zinahangaika kutafuta walimu wa kutosha, wewe unayesoma ukurasa huu unaye mmoja tayari. Amekaa kwenye kiti chako.

Wasimulie pia jinsi lugha hii ilivyoipeleka Injili ikulu. Msafiri Stanley alipotembelea kasri la Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda, mwaka 1875, alimwacha pale kijana mmoja, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya UMCA Zanzibar, ili amsomee Kabaka Maandiko. Wamisionari wa kwanza wa CMS, Waanglikana, waliwasili Juni 1877. Kufikia hapo Injili ilikuwa imeshabisha hodi Buganda, na ilibisha kwa Kiswahili.

5. "Si tulijaribu wakati wa korona, tukashindwa?"

*Jibu fupi: Wakati wa korona shule zilifungwa. Hakuna aliyefungua nyingine nyumbani.*

Shule za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020. Madarasa ya mitihani yaliitwa kwanza Oktoba mwaka huo, mengine yakarudi kwa zamu, shule zikafungwa tena Juni 2021, na milango yote ikafunguliwa tarehe 10 Januari 2022. Ilikuwa karibu miaka miwili, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Masomo yalitangazwa redioni na runingani, karatasi za kujisomea zikagawiwa. Lakini mzazi aliyepoteza biashara, mwenye simu moja na watoto watano, hakuchagua kitu. Aliamka akakuta darasa sebuleni. Wasichana wengi walipata mimba, wavulana wakaingia kwenye vibarua, na wapo ambao hawakurudi shule tena. Msiba ule tusiuite elimu ya nyumbani, na mzazi aliyeupitia asibebeshwe aibu.

Hata hivyo kipindi kile kilifunua mambo. Wazazi wengi walimsikia mtoto wao akisoma kwa sauti kwa mara ya kwanza. Mwingine alikuta mtoto wa darasa la nne anakwama kwenye sentensi ya darasa la pili, na ripoti za kila muhula zilikuwa zinapendeza. Mwingine alikuta kwamba mtoto aliyeambiwa ni mzito wa kuelewa ana akili kali, mradi aelezwe taratibu na mtu asiyemfokea. Mambo kama hayo yakishaonekana, ni vigumu kuyasahau shule zikifunguliwa. Baadhi ya wazazi hao leo wanafundisha nyumbani kwa kuchagua, kwa ratiba na kwa maombi.

4. "Watacheza na nani?"

*Jibu fupi: Pita uani kwetu saa kumi jioni, unisaidie kuwahesabu.*

Hapa niseme kwanza na wazazi wenzangu: muulizaji huyu ana hoja. Mtoto anahitaji kugombana na kupatana, kusubiri zamu, kushindwa mchezo bila mama kuingilia kati. Geti likifungwa asubuhi hadi jioni, hata mtaala bora hautamfundisha hayo. Kwa hiyo yapangeni kama mnavyopanga hesabu: mpira wa mtaani, shule ya Jumapili, kwaya, kuogelea, familia kadhaa kukutana kila Ijumaa. Mzazi anayejivunia kwamba watoto wake hawana rafiki hata mmoja aliye nje ya nyumba ana kazi ya kufanya wiki hii.

Mtoto wa nyumbani ana neema moja ambayo watu huisahau: anaishi na watu wa rika zote. Shuleni mwenye miaka minane hukaa siku nzima na wenye miaka minane. Nyumbani anambembeleza mdogo wake, anamchotea maji jirani mzee, anamsikiliza shangazi aliyekuja kwa wiki mbili akakaa mwezi. Anajifunza kupiga magoti kusalimia, na anajua ni kwa nini.

Kisha kuna jiji lenyewe na viunga vyake. Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante lilianzishwa mwaka 1908, nalo ndilo kongwe kuliko yote Afrika Mashariki. Nendeni siku ya kazi, wakati hakuna umati. Entebbe kuna bustani ya mimea iliyoanza mwaka 1898 na kituo cha wanyamapori. Makaburi ya wafalme Kasubi yaliungua Machi 2010, na habari ya kuyajenga upya inafundisha historia, ufundi wa kuezeka na uvumilivu kwa pamoja. Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, mtoto anaweka mguu mmoja kusini mwa dunia na mwingine kaskazini, na kuanzia hapo ikweta haitoki tena kichwani. Novemba senene wakishuka kwenye taa za mji, somo la sayansi linakuja lenyewe: miguu sita, mabawa, vipapasio virefu. Sijui somo lingine la sayansi ambalo wanafunzi wote wanaomba limalizikie kwenye kikaango.

3. "Na PLE je? Serikali inasemaje?"

*Jibu fupi: Baraza la mitihani, UNEB, halitauliza mtoto alikalia kiti gani; litataka namba yake ya mtihani.*

Hapa utani upungue. Katiba ya mwaka 1995 inaweka elimu ya msingi ya mtoto mikononi mwa Serikali na wazazi kwa pamoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inataja kumwandikisha mtoto shule miongoni mwa wajibu wa mzazi. Mkristo anayefundisha heshima kwa mamlaka mezani asubuhi hawezi kuikwepa mchana. Nenda mapema kwenye ofisi ya elimu ya mamlaka ya jiji, KCCA, au ya wilaya kama unakaa Wakiso au Mukono. Muulize mwanasheria. Tafuta shule iliyo tayari kumwandikisha mtoto wako na kufanya kazi pamoja nawe. Utaratibu unaoeleweka unalinda familia kuliko ujasiri wa maneno.

Mtihani wenyewe unajulikana. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ina masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, na Elimu ya Jamii ambayo ndani yake mna maswali ya dini. Jumla bora kabisa ni 4, na daraja la kwanza ni kuanzia 4 hadi 12. Hufanywa katika vituo vilivyosajiliwa na UNEB, basi asiye na kituo hana mtihani, hata kama mtoto ameiva. Usingoje muhula wa tatu wa darasa la saba ndipo uanze kuzunguka. Na kama umechagua njia ya Cambridge au mtaala mwingine wa nje, uliza leo jinsi vyeti hivyo vinavyolinganishwa na vya hapa, kabla mtoto hajafika mlango wa chuo kikuu.

Jingine ni uaminifu. Kalamu ya mzazi ina huruma nyingi; kazi za mtoto wako mpe mwalimu mwingine azisahihishe, angalau kila mwisho wa muhula. Msikilize akisoma ukurasa ambao hajawahi kuuona. Familia inayosema Mungu ametukabidhi watoto hawa, kisha ikafikisha mtoto miaka kumi hajui kusoma, imeitumia vibaya amana. Ikibidi kumrudisha shule, mrudishe kwa furaha. Kilichokabidhiwa ni mtoto, na njia hubadilika kadiri anavyohitaji.

2. "Mnawaficha dunia? Halafu haya si mambo ya wazungu?"

*Jibu fupi: Anayemficha mtoto dunia hampeleki Owino.*

Sasa turudi kwa Balikuddembe. Kabla Buganda haijawa na shule moja ya matofali, kusoma na kuamini vilikuja pamoja, na waumini wa mwanzo walijulikana kama wasomaji. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877, Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879. Kisha Novemba 1882 Mapadre Weupe wakaondoka wote, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza, wasirudi hadi Julai 1885. Kwa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda walikuwa bila padri hata mmoja.

Mtu angetarajia mapadre wakute majivu. Walikuta watu wameongezeka. Joseph Mukasa Balikuddembe alikuwa amewafundisha vijana wa kasri. Andrew Kaggwa, kiongozi wa bendi ya Kabaka, aliwafundisha wengine. Huko Mityana, Matthias Kalemba Mulumba na wenzake, akiwamo Noah Mawaggali, walikuwa wameijenga jumuiya nzima. Hapakuwa na kengele wala cheti. Wenye nyumba walifundisha waliokuwa karibu nao, wakati shughuli za siku zikiendelea.

Mambo ya wazungu? Wazungu hawakuwapo.

Je, mafundisho ya namna hiyo yaliwaficha dunia? Vijana wale walikuwa katikati ya kasri, mahali penye mamlaka, fitina na vishawishi kuliko popote nchini. Balikuddembe aliuawa Novemba 1885 baada ya kumkabili Kabaka Mwanga kwa maneno. Tarehe 3 Juni 1886 wenzake wengi walichomwa Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, akiwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14. Walichofundishwa kilisimama mahali pagumu kuliko mtihani wowote tutakaowapa watoto wetu. Ukienda Namugongo na wanao tarehe 3 Juni, nendeni kwa miguu angalau sehemu ya njia, na hadithi hii muisimulie mkitembea.

Wala tusiifanye historia hii kuwa fimbo ya kuichapia shule. Makanisa hayohayo ndiyo yaliyozijenga shule za Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906, na nchi nzima inakula matunda yake. Ila nyumba zilitangulia. Shule ilikuja kuusaidia wajibu uliokuwa na mwenyewe tayari, na mwenyewe huyo ni mzazi.

1. "Lakini kwa nini hasa?"

Hili halina jibu fupi. Vuta kiti.

Katika sura ya sita ya Kumbukumbu la Torati, Musa anawaagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu, na anataja nyakati za kufanya hivyo. Ni nne: mnapoketi nyumbani, mnapotembea njiani, mnapolala, na mnapoamka. Hataji jengo, anataja saa za kawaida za kuishi pamoja.

Sasa chukua ratiba ya mtoto wa Kampala uiweke kando ya orodha hiyo. Kuamka: ni saa kumi na moja alfajiri, giza, anavalishwa soksi huku anasinzia, honi ya basi iko getini. Njia: yuko ndani ya basi na watoto wenzake, foleni imesimama. Nyumbani: anarudi jua limezama akiwa na kazi za kuandika, mama bado amekwama Jinja Road, baba Entebbe Road. Kulala: amelala juu ya daftari kabla baba hajafungua geti. Aliye bweni, zote nne zimeondoka kwa muhula mzima. Hakuna mtu mbaya aliyekaa akapanga hivi. Nyumba za bei nafuu ziko mbali, kazi ziko mjini, barabara ni moja, ushindani wa alama ni mkali. Polepole saa zote nne zimetutoka mikononi, na kwa kuwa kila jirani amepoteza zake, hakuna anayeona pengo.

Hiyo ndiyo sababu. Tunazitaka saa zetu nne.

Tunazitaka kwa kuwa maswali makubwa ya mtoto hayafuati ratiba. Mnarudi kutoka maziko, teksi imetulia, anauliza jjajja yuko wapi sasa. Mnapita mjini, anamwona mtoto wa rika lake amelala kwenye kibaraza, anauliza kwa nini Mungu ameliacha hilo. Yaka imekwisha, nyumba ni giza, anakiri alichofanya juzi kwa sababu gizani ni rahisi kusema. Walimu wengi wa Kampala ni watu wema wanaowaombea watoto wetu kwa mshahara mdogo, lakini hawawezi kuwepo kwenye teksi ile, wala kwenye giza lile. Kuwepo hapo ni kazi yetu. Hata Timotheo wa Biblia imani yake inatajwa kuwa ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Uganda, ambako jjajja wamelea nusu ya watu tunaowafahamu, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Na sasa neno kwa aliyesoma hadi hapa akisema moyoni, "Mimi siwezi." Mama anayefungua kibanda chake kabla ya mapambazuko, baba wa boda, mjane, wazazi wote wawili wenye ajira: hakuna aliye chini ya mwingine mbele za Mungu kwa sababu mtoto wake yuko shule. Agizo lile halikutolewa kwa wenye nafasi ya kufundisha aljebra. Chukua saa moja kati ya nne. Kama unampeleka mtoto shule mwenyewe, njia ni yako: simu ikae mfukoni, muulize jambo, msikilize. Kama unarudi usiku na bado yuko macho, robo saa ya kitanda ni yako: ombeni, mwulize kilichomfurahisha na kilichomwogopesha. Kama Jumapili ndiyo siku pekee mlio pamoja, rudini kutoka kanisani kwa miguu.

Nasi tunaofundisha nyumbani tusijipongeze mapema. Kuwa na saa zote nne hakumaanishi tunazitumia. Nyumba ambamo kila mtu ameinamia simu yake inaweza kuzipoteza zote bila mtoto kuvuka geti. Vitabu vya ACE havitatukumbusha, na UNEB haina mtihani wa jambo hili.

Basi chagua moja wiki hii, uilinde. Wiki zijazo ongeza ya pili. Saa hizo walikabidhiwa wazazi kabla Kampala haijawa na foleni wala basi la shule, na hadi leo hakuna aliyelifuta agizo lile.